Nyimbo Milioni 100 Si Zako: Chagua Huduma ya Muziki kwa Masikio Yako

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nami naongeza kwamba masikio ya kuazima hayasikii. Kila muhula unapoanza, mabwenini kwetu hapa Kampala huzuka ubishi uleule: ni huduma gani ya muziki mtandaoni iliyo bora kuliko zote? Mwenye sauti kubwa ndiye hushinda, na kesho yake wenzake watano wameshapakua programu anayoitumia yeye. Mimi napinga swali lenyewe kabla sijapinga majibu yake. Hakuna huduma iliyo bora kwa kila mtu. Ipo inayolingana na namna unavyosikiliza, na ipo isiyolingana nayo. Sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki tunapochagua kwa kuigana, hasara haiishii mfukoni mwetu. Inawafika pia waimbaji wanaoimba kwa lugha zetu.

Nianze na hoja inayopendwa zaidi, yaani hoja ya wingi. Spotify, iliyoanza kutumika Uswidi mwaka 2008 na kuingia Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda Februari 2021, hujivunia nyimbo zaidi ya milioni 100. Wenzangu huitaja idadi hiyo kana kwamba wamerithi shamba. Hebu tupige hesabu. Mtu akisikiliza nyimbo 50 mpya kila siku bila kupumzika, atahitaji zaidi ya miaka 5,000 kuzimaliza nyimbo milioni 100. Basi wingi huo unamfaa nani? Ziwa likiwa kubwa, mwenye kiu bado hunywa kikombe kimoja. La kuuliza ni hili: je, nyimbo zako zimo?

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili swali hili si dogo. Aliyesoma Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert atatamani kuisikia sauti ya yule mwanamke aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Anayefuatilia mafumbo ya taarabu atawatafuta Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Mganda aliyelelewa na redio ya babu yake atamtaka Paul Kafeero na kadongo kamu, muziki ambao jina lake kwa Kiganda lina maana ya gitaa dogo moja. Nyimbo za namna hii hazipatikani kwa usawa kila mahali. Pengine programu moja ina albamu nzima, nyingine ina wimbo mmoja, na nyingine imeandika jina la kikundi pasipo kumtaja mwimbaji. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata shilingi, andika nyimbo 10 ulizozisikiliza wiki iliyopita. Andika ulizozisikiliza kweli, si zile unazotaka watu wajue unazisikiliza. Kisha zitafute katika kila programu, kwa jina la mwimbaji na kwa jina la kikundi. Ukikuta 9 katika huduma isiyo na jina kubwa na 3 katika ile maarufu, ubishi umekwisha.

Hoja ya pili ni ya ubora wa sauti. Nimewasikia watu wakisema hawawezi kusikiliza chini ya kilobiti 320 kwa sekunde. Wanasema hivyo wakiwa ndani ya teksi, kioo kiko wazi, kondakta anaita abiria, na masikioni wamevaa vile visikilizio vinavyouzwa kando ya barabara. Tupige hesabu tena. Kwa kilobiti 320, saa moja ya muziki hula megabaiti 144. Kwa kilobiti 96, saa hiyohiyo hula megabaiti 43 hivi. Anayesikiliza saa 2 kila siku atatumia zaidi ya gigabaiti 8.6 kwa mwezi katika kiwango cha juu, na gigabaiti 2.6 katika kile cha kawaida. Tofauti hiyo ya gigabaiti 6 hailipwi na kampuni ya muziki. Inatoka kwenye bando lako. Na hapa Uganda bando lina kodi yake: tangu Julai 2021, serikali ilipoiondoa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Kwa hiyo mwenye kusikiliza wimbo uleule mara 40 kwa mwezi bila kuuhifadhi kwenye simu anaweza kuulipia data mara 40, na ushuru mara 40. Huo ni ubora gani?

Hapo ndipo tabia ya kusikiliza inapopaswa kutawala. Kuna mtu anayerudia albamu 5 mwaka mzima. Huyu ahitaji kuhifadhi nyimbo kwenye simu kuliko kitu kingine chochote. Spotify ya bure haimruhusu kuhifadhi nyimbo, na YouTube ya bure hunyamaza anapozima kioo cha simu. Audiomack imejijengea jina kwa kumruhusu hata asiyelipa kuhifadhi baadhi ya nyimbo. Mdundo, iliyoanzia Kenya, humpa faili la MP3 lenye tangazo fupi, na faili hilo hubaki kwenye simu yake. Kuna mwingine anayetaka kushangazwa kila asubuhi kwa wimbo asioujua. Huyo huduma kubwa zenye mapendekezo mengi zinamfaa, na sina ugomvi naye akizilipia. Kuna wa tatu ambaye kwake muziki ni video. Hawezi kuusikia wimbo bila kuona mavazi na uchezaji. Huyo akilipia programu ya sauti peke yake atakuwa amenunua jembe hali ni mvuvi. Na kuna wa nne, anayeshika simu ya Tecno yenye Boomplay iliyokuja nayo kutoka dukani, ambaye hajawahi kujiuliza kama iliwekwa kwa manufaa yake au ya aliyeiweka. Inaweza kumfaa sana. Lakini ajiulize.

Tena tusisahau kwamba kulipa kwa mwezi si kununua. Nyimbo ulizohifadhi kwa kulipia hufungwa mara malipo yanapokoma. Mwanafunzi ambaye hela zake huja kwa msimu, leo zipo na mwezi ujao hazipo, atajikuta kimya kimemshukia katikati ya mitihani. Aangalie pia namna ya kulipa. Huduma inayodai kadi ya benki, wakati yeye fedha zake zote hupitia kwenye simu, haikutengenezwa kwa ajili yake.

Sasa nifikie jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni malipo ya waimbaji. Wengi wetu tunaamini kwamba tukilipia huduma, fedha zetu humwendea mwimbaji tunayemsikiliza. Sivyo. Katika huduma nyingi kubwa, fedha za wasikilizaji hukusanywa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa kadiri kila mwimbaji alivyochezwa kati ya nyimbo zote. Ukisikiliza taarabu peke yake mwezi mzima, sehemu kubwa ya fedha zako huenda kwa watu usiowahi kuwasikia, kwa kuwa wao huchezwa mara nyingi zaidi. Tena Spotify huhesabu kwamba wimbo umechezwa ukishasikilizwa kwa sekunde 30. Wimbo wa dakika 2 huhesabiwa mara moja. Na "Mario" wa Franco na TPOK Jazz wa mwaka 1985, wenye zaidi ya dakika 10, nao huhesabiwa mara moja. Rumba ya Kongo, taarabu na kadongo kamu ni muziki wa watu wasio na haraka: kisa husimuliwa, gitaa hujibu, msikilizaji hukaa. Mizani hii inawapunja hao wote. Na tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha michezo 1,000 kwa miezi 12 haulipwi mrabaha kabisa huko Spotify. Mgawo wake huongezwa kwa nyimbo nyingine. Kwa nyota wa dunia, michezo 1,000 ni ya dakika moja. Kwa mzee wa kijijini aliyeimba kwa lugha ya watu wachache, inaweza kuwa mwaka mzima wa kusikilizwa na wajukuu wake.

Njia nyingine zipo. Mwaka 2021 SoundCloud ilianza, kwa wasanii wanaojitegemea, utaratibu ambao fedha humfuata msikilizaji: unayemsikiliza ndiye anayelipwa kutokana na ulichochangia. Sisemi sote tuhamie huko. Nasema kwamba mgao wa chungu kimoja ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hubadilika watu wanapoukataa.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza: "Mimi ni mwanafunzi maskini, nitamwokoa nani kwa elfu zangu chache?" Jibu langu ni kwamba hakuna aliyekuambia uokoe mtu. Nimekuambia usilipie kisichokufaa. Ukiokoa gigabaiti 6 kwa mwezi, unaweza kununua albamu moja kwa mwimbaji mwenyewe, au kulipa kiingilio kwenye onyesho lake. Fedha hizo zitamfikia bila kupita chunguni. Ya pili: "Nyimbo zote zipo bure kwenye vibanda vya kupakia kwenye memori kadi, mbona nijisumbue?" Kwa mwenye kibanda si bure, yeye analipwa. Anayeimba ndiye hapati kitu. Mtu anayelalamika kwamba lugha zetu hazina muziki mpya, huku akimlipa mwenye kibanda na kumnyima mwimbaji, anakata tawi alilokalia.

Kila Desemba simu zetu hujaa picha za muhtasari wa mwaka: mwimbaji wangu wa kwanza, dakika nilizosikiliza, mimi ni wa kundi gani. Watu huzitandaza kama vyeti vya mahafali. Sina chuki na furaha hiyo. Lakini nimeona jinsi inavyowafanya wengine waogope kusikiliza nyimbo za mama zao ndani ya programu, zisije zikatokea kwenye picha. Huduma ya kukuchezea muziki ikifikia hatua ya kukufanya uuonee haya muziki wako, imekoma kukutumikia. Sasa wewe ndiye unayeitumikia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mjadala wa bwenini uanze upya kwa maswali mengine. Unasikiliza nini hasa, na kwa lugha gani? Unasikiliza ukiwa wapi: chumbani penye intaneti ya chuo, au barabarani kwa bando lako? Unarudia au unatafuta mapya? Unalipa kwa njia gani, na fedha zako humfikia nani? Mwenye kujibu maswali haya kwa ukweli atachagua vizuri hata kama atachagua tofauti na chumba kizima. Asiyeyajibu atachaguliwa na tangazo, na nyimbo za kwao zitaendelea kupungua masikioni mwake, mpaka siku mtoto wake atakapouliza babu alikuwa akiimba nini, naye akakosa cha kumchezea.