Ngoma si ya mgeni rasmi

Anayehudhuria uzinduzi wa miradi huko vijijini anaujua utaratibu. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na kikundi cha ngoma kimesimama juani tangu asubuhi kikisubiri msafara. Mgeni rasmi akifika, ngoma inapigwa dakika kumi, inasomwa ngonjera ya kuishukuru serikali na mfadhili, kisha wasanii wanapisha hotuba. Maneno ya ngonjera ile mara nyingi yametoka kwa ofisa, au kwa shirika lililoleta fulana. Wanakijiji wamecheza, wamepiga vigelegele, na wanarudi nyumbani hawajasema lao hata moja. Hapo ndipo tunapoipoteza sanaa. Tunaituma ipeleke ujumbe uliokwisha kuamuliwa, ilhali nguvu yake ya kujenga jamii imo katika kule kutunga pamoja. Halmashauri, serikali za kaunti na wafadhili wanaolipia maonyesho wangefanya la maana zaidi wakilipia mazoezi.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili katika eneo letu umetoka Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977. Kijiji kile kilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowakusanya watu kwa nguvu, na wakazi wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa jirani, na watu wasio na kazi. Kituo chao cha elimu na utamaduni kilianza na kisomo cha watu wazima. Igizo lilifuata baadaye. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Nitaolewa Nikipenda, wakaikabidhi kwa kijiji. Mazoezi yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kusimama, kutazama na kusema. Wazee wakawasahihisha wasomi: mzee hazungumzi hivyo na kijana wake, na harusi ya kimila haiendi namna hiyo. Wafanyakazi wakaleta hesabu ya mishahara yao na ya mali wanayozalisha kwa siku, hesabu ambayo mhadhiri asingeikuta maktabani. Wanakijiji wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000.

Tutazame kwa makini lile tendo la kusahihisha, maana ndilo kiini cha hoja yangu. Kibarua aliyezoea kuamrishwa mchana kutwa anasimama jioni mbele ya mwandishi mashuhuri na kumwambia hapa umekosea, na neno lake linabadilisha maandishi. Kesho yake anarudi akiwa na jirani, kwa kuwa sasa igizo lina mkono wake ndani. Wakibishana juu ya mhusika mmoja, mwenye shamba anayehangaikia hati ya ekari moja na nusu, wanabishana juu ya ardhi yao bila mtu kumtaja jirani yake kwa jina. Hakuna hotuba inayoweza kumpa mtu zoezi hilo. Mkutano wa hadhara humfundisha raia kusikiliza. Mazoezi ya igizo humfundisha kutoa hoja, kupingwa na kukubali kurekebishwa huku kazi ikiendelea, na mtu aliyejizoeza hivyo miezi mitatu hashindwi kumuuliza mwenyekiti wa kijiji fedha za kisima zimekwenda wapi.

Watawala wa wakati ule walilielewa hili kuliko wapenzi wengi wa sanaa. Igizo lilizinduliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na tarehe 16 Novemba leseni yake ikafutwa kwa madai ya usalama. Mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 kikundi kilipojiandaa kwa igizo lingine, polisi waliubomoa ule ukumbi. Lakini mwaka huohuo wa 1977 mwandishi huyohuyo alikuwa ametoa riwaya kali, Petals of Blood, iliyoushambulia utawala bila kuuma maneno. Riwaya hiyo haikupigwa marufuku. Tena aliyeizindua Nairobi alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa siku hizo. Lugha ilichangia tofauti hiyo, kwa kuwa riwaya ilikuwa ya Kiingereza na igizo la Kigikuyu. Ila zaidi ya lugha, riwaya husomwa na mtu mmoja mmoja chumbani, na igizo lile lilikuwa limeshageuka mali ya kijiji kizima.

Kiongozi anayesoma hapa anaweza kusema kwamba basi hofu ilikuwa ya haki: sanaa ya namna hii ni uchochezi. Simkubalii. Malalamiko ya ardhi na ujira yalikuwepo Limuru kabla ya igizo, na yalibaki baada ya ukumbi kuvunjwa. Kilichovunjwa ni mahali pa kuyazungumzia. Tanzania imeijaribu njia hii bila kuangusha serikali yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao na kuyatungia ngoma na maigizo kwa sanaa za hapohapo. Suala la wasichana kupata mimba shuleni, ambalo kila nyumba ililinong'ona, likachezwa uwanjani na kujadiliwa mbele ya wazazi na vijana pamoja. Kazi hii haikuhitaji nadharia ya kuazima ng'ambo. Vikundi vya ngoma ya beni vilivyoshindana Lamu, Mombasa na Tanga enzi za ukoloni vilikuwa pia vyama vya kusaidiana na kuzikana.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni lile la wanaouliza jamii ni nani. Kijiji kina wenye sauti na wasio nayo, na uwanja ukiachwa wazi tu, wanaume wazee watautawala wote. Hili ni kweli, na wanaoshabikia sanaa shirikishi wamelipita kwa haraka mno. Dawa yake ni kutenga nafasi maalumu kwa walionyamazishwa kabla ya kuwaleta wote pamoja. Lihamba na Mlama walifanya hivyo mwaka 1996 walipoanzisha Tuseme katika shule za sekondari: wasichana kwanza walichambua wenyewe yanayowakwamisha kimasomo, wakayaigiza, halafu wakayasema mbele ya walimu na wavulana. Shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana, likaupeleka mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Jina lenyewe ni tendo, na liko katika wingi.

Wapo pia wanaosema watu wanataka maji na unga kwanza. Wawatazame wanawake wa Ingoma Nshya, kikundi cha ngoma kilichoanzishwa na Odile Gakire Katese mjini Butare, Rwanda, miaka kumi hivi baada ya mauaji ya kimbari. Ngoma zile kwa mila hazikuguswa na mwanamke. Wajane, mayatima na jamaa za waliotuhumiwa kwa mauaji hayo walikaa mstari mmoja wakazipiga, na mdundo haukubali mmoja atangulie mwenzake. Mwaka 2010 baadhi yao wakafungua duka la aiskrimu la ushirika. Sidai kwamba ngoma inaleta mtaji. Mtaji ulitafutwa kwingine. Lakini ushirika unahitaji watu wanaoaminiana, na hilo walilikuta tayari katika mazoezi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na la kibajeti. Sheria ya Tanzania inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inadai ushirikishwaji wa umma. Mara nyingi mikutano hiyo hugeuka usomaji wa taarifa, na mahudhurio ni haba. Fedha zinazokwenda kwenye turubai na posho za siku moja zimlipe mwezeshaji anayekaa kata moja msimu mzima, na igizo walilotunga wananchi liufungue mkutano kabla ya ajenda kusomwa. Matunda yake hayatapimwa kwa idadi ya fulana. Yatapimwa kwa orodha ya mahudhurio, kwa maswali yanayoingia katika mihutasari, na kwa majina ya wanawake walioyauliza.

Mwaka 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi Nairobi, katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, mlango uleule ambao kikundi cha Kamiriithu kilifungiwa mwaka 1982. Ni faraja kubwa kwamba imeruhusiwa. Watazamaji walikata tiketi, wakakaa kwenye viti vyao gizani, na maandishi yalikuwa yamekwisha kukamilika. Bado tunadaiwa ule uwanja ambapo bibi anayerudi kutoka kuchuma majani ya chai anaweza kutua kikapu, akatazama kidogo, na kuwaambia waigizaji: hapana, sivyo tunavyosema.