Tusiulize bangi tu, tuulize nani anayeiuza

Kila mjadala wa bangi kama dawa unapozuka hapa kwetu, watu hugawanyika makundi mawili. Hawa husema ni haramu, mazungumzo yamekwisha. Wale husema Wamarekani wameihalalisha, sisi twangoja nini? Tuliyasikia hayo mwaka 2022, George Wajackoyah alipogombea urais akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Mimi naona pande zote mbili zimeliruka swali muhimu: anayesimama nyuma ya kaunta ni nani, na sheria inamtaka awe amesomea nini?

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Basi tuiangalie hiyo Marekani inayotajwa. Kule kila jimbo lina sheria yake. California ilitangulia kuruhusu bangi ya matibabu mwaka 1996. Colorado ikafuata mwaka 2000, na tangu Januari 2014 maduka yake yakaruhusiwa kumuuzia mtu yeyote aliyetimiza miaka 21.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika maduka 400 ya Colorado. Mpigaji simu alijifanya mjamzito wa wiki nane anayesumbuliwa na kichefuchefu. Maduka 277, yaani asilimia 69, yalimshauri atumie bangi. Yenye leseni ya matibabu ndiyo yaliyoongoza kwa ushauri huo. Ni kama theluthi moja tu waliomwambia amwone daktari bila yeye kuuliza kwanza.

Na hali madaktari wa uzazi wa huko huko Marekani wanawaonya wajawazito wasiiguse, kwa kuwa kemikali yake inapita kwenye kondo na kumfikia mtoto tumboni. Sheria ya Colorado iliyataka maduka yabandike onyo hilo kwenye pakiti. Karatasi ikasema hivi, muuzaji akasema vile.

Kwa nini mama aulize dukani? Kwa sababu maumivu ya wanawake hayachukuliwi kwa uzito. New York ilipopitisha sheria yake mwaka 2014, iliorodhesha maradhi yanayoruhusiwa, na maumivu ya hedhi hayakuwemo. Mpaka mwaka 2022 ndipo uamuzi ulipoachiwa daktari, hata kwa ugonjwa usiotajwa na sheria. Mwanamke asiyesikilizwa hospitalini humsikiliza yeyote atakayempa dakika tano.

Kuna waliolifikiria mapema. Sheria ya Connecticut ya mwaka 2012 ilitaka bangi ya matibabu itolewe na mfamasia mwenye leseni, kwa mgonjwa aliyethibitishwa na daktari. Connecticut haikuona kwamba kuruhusu dawa ni kumruhusu kila mtu kuiuza.

Sasa turudi kwetu. Bangi imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1994 ya dawa za kulevya, na mimi siombi ifunguliwe. Lakini ugonjwa wa kaunta tunao tayari. Ingia baadhi ya maduka ya dawa mitaani hapa Pwani, utamkuta kijana asiyesomea dawa akiuza vidonge vya kutuliza maumivu makali, cheti cha daktari hakuulizi. Dada yetu anayejikunja kwa maumivu kila mwezi, na ambaye foleni ya hospitali imemchosha, ndiye mteja wake. Hamuulizi kama ana mimba, wala kama ananyonyesha.

Kwa hivyo, kabla ya kubishana kuhusu mmea, Bodi ya Dawa na Sumu ihakikishe kila duka lina mtu aliyesomea, yupo mwenyewe wakati wa kuuza, si cheti chake tu kilichotundikwa ukutani. Serikali za kaunti nazo ziwape wanawake kliniki ambapo maumivu yao yatapimwa, wasiambiwe tu kwamba ndiyo mambo ya wanawake, wavumilie.

Na siku mbunge atakapotuletea mswada wa bangi ya matibabu, tusimuulize itaingiza shilingi ngapi. Tumuulize: mama mjamzito akiingia dukani, atakayemjibu ni nani? Akikosa jibu, mswada huo haujaiva.