Kamari na LUKU Visipite Mlango Mmoja



Fungua menyu ya malipo kwenye simu yako. Humo ndimo unamonunulia umeme wa LUKU, unamolipia maji, king'amuzi na ada ya mtoto. Humo humo, kwa namba ya kampuni, namba ya kumbukumbu na namba yako ya siri, ndimo unamowekea dau la mkeka wa Jumamosi. Pochi ni moja, vitufe ni vilevile, hata ujumbe wa kuthibitisha muamala unafanana. Naandika kuomba tushirikiane kuitoa kamari humo.

Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ilitungwa mwaka 2003. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu Tanzania mwaka uliofuata. Sheria imefanyiwa marekebisho tangu hapo, lakini ilizaliwa wakati kamari ilikuwa na anwani: kasino ya mjini, baadaye dubwi la kwenye baa, ambako jirani alikuona umesimama na sarafu zako mkononi. Aibu ile ilisaidia. Leo mtu anabeti ndani ya daladala, anabeti msibani, anabeti kitandani huku mkewe amelala, na hakuna anayejua mpaka siku mwenye nyumba anapogonga mlango kudai kodi yake.

Tuutazame mkeka wenyewe, maana hapo wengi tunadanganyika. Umechagua mechi kumi, zote za timu ngumu, na tuseme kila moja ina asilimia 70 ya kuja kama ulivyotabiri. Nafasi ya zote kumi kutiki haifiki 3 katika 100. Nafasi ya tisa kutiki na moja kukuchania ni kama 12 katika 100. Yaani kukosa kwa timu moja kunatarajiwa zaidi ya mara nne kwa kila mkeka mmoja unaotiki. Yule kijana wa kijiweni anayelalamika kwamba timu moja tu imemchania anaamini alikaribia, kwa hiyo anapanga mwingine wa Jumapili. Hakukaribia kitu, limempata jambo la kawaida kabisa. (Na wale wanaouza odi za uhakika Telegram, jiulize: anayejua matokeo ya kesho ana shida gani na elfu tano yako?)

Mkeka angalau unasubiri dakika 90. Kindege cha Aviator, mchezo uliotoka mwaka 2019, hakisubiri. Kinapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe hela kabla hakijatoweka, na sekunde chache baadaye kingine kiko angani. Hapo katikati hakuna nafasi ya mtu kujiuliza ameshaliwa kiasi gani tangu asubuhi.

Ladha hiyo sasa imevuka mipaka ya kubeti. Unanunua bando, unaambiwa uzungushe gurudumu ujishindie. Unaweka akiba, jina lako linaingia kwenye droo ya pikipiki. TikTok watu wawili wanapambanishwa mubashara kwa dakika chache, na mashabiki wanarusha zawadi zilizonunuliwa kwa fedha halisi wakikimbizana na saa. Mtoto wa miaka kumi anacheza mpira kwenye simu na kununua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani yumo nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa FIFA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti. Huku kwetu tunaona ni mchezo wa watoto, na laini ni ya mama. Sheria inasema kamari ni kwa waliotimiza miaka 18. Aliyekulia kwenye pakiti hatahitaji kufundishwa mkeka akifika huko.

Sisemi ipigwe marufuku. Kenya mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, zikiwemo kubwa kabisa, na watu wakaendelea kubeti kwingine. Safari ya pili Kenya ilikwenda kwa njia tofauti: mwishoni mwa Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo ikapata sheria mpya. Wala sitegemei mahubiri pekee. Masheikh na wachungaji wamekemea miaka yote, na kijana anayetoka msikitini Ijumaa anajua fika kwamba ni haramu. Simu yake ndiyo haimpi nafasi ya kukumbuka.

Kinachotakiwa ni vizuizi, na vinawezekana. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inazimwa. Mtambo unajua laini ni ya nani na ana umri gani. Basi anayetaka kujifungia aweze kujifungia mara moja, kwa namba yake ya NIDA, kampuni zote za kubeti zimkatae kwa pamoja. Uingereza wana mfumo wa aina hiyo, na tangu 2020 kila kampuni ya kamari ya mtandaoni iliyoko chini ya leseni yao inalazimika kuufuata. Mwaka huohuo walipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo. Sisi mkopo wetu uko kwenye simu. Benki Kuu ilipochapisha Novemba 2024 orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, tulizungumza sana juu ya riba na vitisho, tukasahau kuuliza fedha ile ilikuwa inakwenda wapi. Fedha ya kukopa isikubaliwe kuwa dau, na malipo ya kamari yatengwe kwenye menyu yake, ambayo mtu huifungua tu akiomba.

Mtaniambia kamari inalipa kodi na inalea mpira. Ni kweli. Mwaka 2017 Simba na Yanga, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, walivaa nembo ya kampuni moja ya kubeti. Lakini klabu za Ligi Kuu ya England, zenye matumizi makubwa kuliko zetu zote, zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa nembo za kamari kifuani mwisho wa msimu wa 2025/26, na jezi za watoto huko hazina nembo hizo kwa miaka mingi. Sisi tunamvalisha mtoto wa chekechea tangazo, tunampiga picha na kuituma kwenye kundi la familia.

Kwa hiyo wewe mwanachama, kwenye mkutano mkuu wa klabu yako, simama udai jezi ya mtoto isiyo na nembo ya kubeti. Kina mama wa vikoba, laini ya mweka hazina ifanye kazi ya kikundi tu na taarifa ya miamala isomwe kila kikao. Na mwanachama aliyezama kwenye kamari akijitokeza, asichekwe, apangiwe namna ya kulipa. Madereva wa bodaboda, kubalianeni kijiweni kwamba hesabu ya tajiri hailali kwenye simu. Watangazaji wa michezo, mnasikilizwa na watoto asubuhi wakijiandaa kwenda shule. Odi zisisomwe saa hizo.

Na mbunge akija jimboni, tusimwache aondoke na maombi ya barabara peke yake. Mwulizeni, mkiwa wengi na kwa sauti: ni lini mwananchi ataweza kuifungia kamari laini yake kwa namba yake ya NIDA?