Kulea si Kutumikisha

Wapo wanaodai kwamba kuasili mtoto ni siri ya nyumba, hivyo masomo ya afya shuleni yasiiguse. Hiyo ni kasumba. Kulea mtoto wa ndugu ni desturi njema. Lakini anayechukuliwa Ujiji akaanikishwa dagaa mwaloni Kibirizi, wenzake wakiwa darasani, hakulelewa wala hakuasiliwa. Huo ni unyonyaji! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetamka wazi: kuasili ni kwa amri ya mahakama, na aliyeasiliwa huhesabiwa sawa na aliyezaliwa na wazazi hao. Mwanafunzi anayefundishwa jinsi mimba inavyotungwa anyimwe haya kwa hoja gani? Walimu wa Kigoma na wayafundishe, nao wenye siri zao wasikilize.