Mwacheni Anyonye Akidungwa

Asubuhi za Kibirichia, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ni za baridi, na mtoto wa wiki sita hupelekwa kliniki akiwa na sweta na shali juu yake. Kuvuliwa tu kunamliza. Bado matone ya polio na ya rota, bado sindano mbili: pentavalenti paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia.

Mara nyingi mama huambiwa amnyonyeshe mtoto akishadungwa. Kwa nini asubiri? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtoto anyonye wakati anapochanjwa au muda mfupi kabla. Mapitio ya Cochrane ya 2016 yalikusanya tafiti 10 zenye watoto 1,066 na kuona kwamba wanaonyonya hulia kwa muda mfupi zaidi, kwa wastani wa sekunde 38. Ni kidogo, kwa asiyempakata mtoto anayelia.

Hofu ya mtoto kupaliwa ipo, lakini tafiti hizo hazikuripoti madhara yoyote. Muuguzi aliye peke yake na foleni inayofika mlangoni ana hoja nzito zaidi: muda. Hata hivyo, baada ya matone bado ana kijitabu cha mama na mtoto cha kujaza na sindano za kuandaa. Dakika hizo zinatosha mtoto kushika titi vizuri, mapaja yakiwa wazi. Akimaliza kudungwa, aachwe aendelee.

Kinachokosekana hasa ni kiti. Mama akikalia ukingo wa benchi lisilo na mgongo, mkono mmoja ukishika mguu wa mtoto na mwingine leso, hawezi kunyonyesha kwa utulivu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Basi chumba cha chanjo, chenye wanaonyonya kutwa nzima, kikose kiti kimoja chenye mgongo? Hilo halihitaji mfadhili. Msimamizi wa kituo anaweza kuliamua leo.

Wapo pia watoto wanaoletwa na nyanya, au na baba, mama akiwa kwenye waru. Hao wasilazwe mezani. Shirika hilohilo linashauri mtoto apakatwe na aliyemleta, matone yatangulie, na sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho.