Bondia chipukizi hulipa kabla ya kulipwa

BONDIA wa ridhaa anapotangaza kuwa amejiunga na ndondi za kulipwa, mashabiki wengi hudhani ameuaga umaskini. Neno lenyewe, 'kulipwa', huwapotosha. Ukweli ni kwamba katika miaka ya mwanzo bondia huyo ndiye hulipa: hulipia mazoezi, vipimo vya afya, nauli na lishe, na katika baadhi ya nchi hulipia hata mpinzani wake.

Nchini Kenya suala hili lina uzito wa kipekee. Kwa miongo mingi, vijana kutoka mitaa kama vile Kariobangi, Mathare na Muthurwa wametumia glavu kama daraja la kufikia ajira. Polisi, ambao timu yao ni maarufu kwa jina Chafua Chafua, Jeshi na Magereza huajiri mabondia hodari. Hao hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi, hutibiwa wakiumia na huwa na matumaini ya pensheni. Wakishindwa ulingoni leo, kesho bado wana kazi.

Bondia wa kulipwa hana mwajiri wa aina hiyo. Ana promota ambaye humlipa kwa pigano, si kwa mwezi. Pigano likiahirishwa au mpinzani akikosa kutokea, miezi miwili ya mazoezi huwa imepotea bure.

Chukua mfano wa kukadiria tu. Chipukizi anaahidiwa Sh50,000 kwa pigano la raundi nne. Meneja akikata asilimia 25, hiyo ni Sh12,500. Kocha akichukua asilimia 10, hiyo ni Sh5,000 zaidi. Bondia anabaki na Sh32,500 kabla ya kugharimia daktari, nauli na chakula. Akibahatika kupanda ulingoni mara nne kwa mwaka, atapata Sh130,000, yaani chini ya Sh11,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kimezidi Sh16,000 tangu Novemba 2024. Kibarua huyo hapigwi makonde kichwani.

Huenda msomaji akadhani haya ni matatizo ya mataifa maskini pekee. Sivyo. Nchini Uingereza, katika kumbi ndogo ambako mabondia wengi huanzia, chipukizi hupewa tiketi akawauzie jamaa na marafiki. Fedha hizo ndizo hulipa ujira wa mpinzani na gharama nyingine za pigano lake, naye hubakia na kinachosalia. Asipouza za kutosha, hapigani, hata awe na kipaji cha aina gani.

Upande wa pili wa ulingo husimama bondia mgeni, ambaye hulipwa kiasi kisichobadilika na hatarajiwi kushinda. Peter Buckley wa Birmingham alifanya hiyo kuwa kazi yake. Alipostaafu mwaka 2008 alikuwa amepigana mara 300 na kushindwa mara 256. Cha kushangaza ni kwamba aliyeshindwa hivyo aliweza kuwa na kipato cha uhakika kuliko wengi waliomshinda, kwa sababu alipigana mara kwa mara na hakuhitaji kuuza tiketi.

Mabondia wengi wa Afrika Mashariki wanaoalikwa ng'ambo huitwa kujaza nafasi kama hiyo ya mgeni. Mara chache mambo hugeuka. Septemba 2018, Mtanzania Hassan Mwakinyo alienda Birmingham na kumshinda mwenyeji Sam Eggington katika raundi ya pili, na usiku mmoja ukabadilisha thamani yake sokoni. Lakini kwa kila Mwakinyo mmoja, wapo wengi wanaorudi nyumbani na doa katika rekodi zao na fedha zisizotosha hata kulipa madeni ya maandalizi.

Fatuma Zarika wa Kenya naye alisubiri zaidi ya mwongo mmoja katika ndondi za kulipwa kabla ya kutwaa taji la dunia la WBC mwaka 2016, tena ugenini Marekani. Ni wangapi wenye uwezo wa kusubiri muda wote huo bila mshahara?

Hali katika mapigano mseto, maarufu kama MMA, haina tofauti kubwa. Wanaoanza katika UFC wamekuwa wakiripotiwa kupata takriban dola 12,000 (kama Sh1.5 milioni) kwa kupigana, na kiasi sawa na hicho wakishinda. Kwa Mkenya hizo ni fedha nyingi, lakini humo mna ada za meneja, kocha, kambi ya mazoezi na ushuru. Nyaraka za kesi iliyowasilishwa Marekani na wapiganaji wa zamani zilionyesha kuwa wapiganaji walikuwa wakipata takriban moja kwa tano ya mapato ya kampuni, ilhali wachezaji wa mpira wa vikapu wa NBA hugawiwa karibu nusu ya mapato ya ligi yao. Kesi hiyo ilimalizika kwa malipo ya dola 375 milioni, yaliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2025.

Tofauti hiyo haikuletwa na ukosefu wa mashabiki. Wachezaji wa NBA wana chama kinachojadiliana kwa niaba yao wote. Mpiganaji huketi peke yake mbele ya promota, akijua kuwa nje ya mlango wamepanga foleni vijana watakaokubali malipo madogo zaidi.

Na gharama kubwa kabisa haiandikwi katika mkataba. Robert Wangila aliiletea Kenya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, kisha akaenda kutafuta riziki Marekani. Julai 1994 alifariki Las Vegas kutokana na majeraha ya pigano, akiwa na umri wa miaka 26. Hata medali ya dhahabu haikumpa kinga.

Dawa zipo, na si za kubuni. Tangu mwaka 2000, sheria ya Marekani iliyopewa jina la Muhammad Ali humlazimu promota kumfichulia bondia kiasi anachojipatia kutokana na pigano, ingawa haiwahusu wapiganaji wa MMA. Jimbo la California lina hazina ya pensheni ya mabondia iliyoanzishwa mwaka 1982 na kuchangiwa kupitia tiketi. Mwaka 2023 lilipitisha sheria ya kuwaanzishia wapiganaji wa MMA hazina kama hiyo.

Kenya ina Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 na jopo la kuamua mizozo ya michezo. Kinachohitajika ni masharti mepesi: ujira uwekwe amana kabla ya kengele kulia, mkataba uandikwe kwa lugha anayoielewa bondia, bima ya matibabu ilipwe na mwandalizi, na sehemu ndogo ya kila tiketi itengewe uzeeni. Promota asiyemudu hayo hajawa tayari kuandaa pigano.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Bila masharti hayo, kijana anayeacha sare ya polisi kwa ajili ya mkanda ataendelea kuchuma juani, na kivulini watakuwa wakila wengine.