Usiku Bila Nyama, na Baba Asinune

Mwezi huu nakuletea mada ambayo huku kwetu Shinyanga na Geita inaweza kuvuruga nyumba usipoiingia kwa akili: chakula cha usiku kisicho na nyama. Najua kuna mtu tayari amekunja uso. Usifungue ukurasa mwingine, nisikilize kwanza.

Chanzo ni barua ya msomaji wetu mmoja wa Katoro, mkoani Geita. Mumewe ni mchimbaji mdogo. Duara likitema, baba anaingia na kilo tatu za nyama, na wiki nzima ni supu asubuhi, rosti mchana, mishkaki jioni. Duara likigoma, anaacha hela ya unga na mboga za majani tu. Mama anapika, anaandaa mezani, baba anaitazama sahani na kuuliza, “Kwani ng'ombe wote wamekufa?” Anaisukuma, anavaa viatu, anatoka. Saa nne usiku anarudi ananukia nyama choma. “Dada,” ameandika, “mimi si mchoyo, na hela ya nyama sina. Nifanyeje?”

Pole sana, shosti. Ila nikuambie ukweli: hapo ugomvi si mboga, ni heshima. Usukumani ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni jina la mtu. Mwanaume aliyekulia kwenye zizi akiona sahani haina nyama anasoma mawili: ama nimeshindwa kulisha nyumba, ama mke wangu kanidharau. Na wewe ukiiweka hiyo sahani huku umeinamisha kichwa na kusema “leo ndicho kilichopatikana”, umemthibitishia. Chakula kilichopikwa kama msamaha huliwa kama adhabu.

Sasa tugeuze. Nchi yetu hii ya ng'ombe ndiyo hiyo hiyo nchi ya dengu, choroko, karanga, njugu mawe, mtama, viazi vitamu na mpunga. Dengu zetu zinapanda meli mpaka India, watu wanazinunua kwa pesa ya kigeni, halafu sisi tunaziona chakula cha shida! Bibi zetu walikausha majani ya kunde yakawa nsansa, wakakausha viazi yakawa michembe na matobolwa, ili kiangazi kikibana nyumba isilale njaa. Huo ulikuwa mpango wa mama mwenye akili. Mjini Shinyanga, Kahama na Mwanza kuna familia za Kihindi ambazo hazijawahi kuonja nyama tangu mababu, na hakuna anayewaita maskini. Wasabato nao wapo wengi Kanda ya Ziwa, na baadhi yao hawagusi nyama kabisa.

Halafu kuna pesa. Mgodi una siku zake. Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia 2021 ulikuwa umeusimamisha. Nyumba iliyozoea kwamba bila nyama hakuna chakula, siku mshahara unapokatika inagombana mara mbili: kwanza kwa pesa, pili kwa sahani. Na kuna afya. Wataalamu wa Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani wanashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki nzima. Kwa wiki, mpenzi, si kwa meza moja ya baa!

Ongea kabla hujapika

Usimshtukize mtu kwenye sahani. Chagua siku ambayo duara limetema au mshahara umeingia, tumbo limeshiba, moyo umetulia. Mwambie, “Baba fulani, naomba Jumanne na Alhamisi ziwe siku zangu za kupika vya shambani. Hela ya nyama ya siku hizo tuitenge.” Chukua kopo, weka hiyo hela mbele yake, mpangie kazi: ada, bati, mbuzi wa kufuga, chochote mnachokitaka wote wawili. Mwanaume anayeona kopo linajaa hasikii kwamba amenyimwa. Ukianza siku ambayo hela imeisha, hata upike kama hoteli, ataona unaficha njaa.

Haya basi, funga kanga kiunoni, tuingie jikoni. Vipimo vyote ni vya watu wanne.

1. Choroko za ukwaju kwa wali

Huu ndio mlo wa kuanzia, maana harufu yake inamfikia mtu akiwa bado mlangoni. Andaa vikombe 2 vya choroko, vitunguu 2, nyanya 3, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, kijiko 1 cha chai cha binzari nyembamba, ukwaju kiasi cha kiganja, mafuta ya alizeti na chumvi.

Chambua choroko vizuri, mawe ya Shinyanga hayana huruma na meno. Osha, chemsha mpaka zipasuke. Ukiziloweka tangu asubuhi, utaokoa mkaa. Loweka ukwaju kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto, ukamue, uchuje. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia kabisa, usiwe na haraka hapo, maana rangi hiyo ndiyo inayoleta ule ladha ya rosti anayoitafuta. Tia saumu, tangawizi na binzari, kisha nyanya. Zikiiva na mafuta kuelea juu, mimina choroko, kisha maji ya ukwaju kidogo kidogo huku unaonja. Acha ichemke dakika kumi. Pakua kwa wali mweupe wa mpunga wetu, na kachumbari pembeni.

2. Nsansa ya karanga kwa ugali

Hii ni ya kumkumbusha kwa mama yake, na mwanaume anayekumbushwa kwa mama yake hasukumi sahani. Chukua vikombe 3 vya nsansa, kikombe 1 cha karanga mbichi zilizotwangwa zikawa unga laini, kitunguu 1, nyanya 2 na chumvi.

Loweka nsansa kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, suuza mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, kisha chemsha hadi yalainike. Korogea unga wa karanga kwenye maji kikombe kimoja na nusu, usiumwage mkavu, utaganda mabonge. Mimina kwenye mboga pamoja na kitunguu na nyanya, punguza moto, koroga usiondoke, kwa dakika ishirini. Ikiwa nzito na mafuta ya karanga yanachungulia juu, epua. Ugali wa mtama au wa udaga ndio mwenzake.

Angalizo kwenye karanga: chagua punje moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu inakaa humo, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga.

3. Chapati maji za dengu

Kwa baba anayetoka shifti ya usiku na wewe umechoka, huu ni mlo wa dakika ishirini. Vikombe 2 vya unga wa dengu, kitunguu 1, nyanya 1, hoho 1, vyote vikatwe vidogo vidogo, majani ya giligilani, pilipili ukipenda, chumvi na maji kama kikombe kimoja na nusu.

Koroga unga na maji kwanza mpaka uwe laini kama uji mwepesi, ndipo uchanganye na vingine. Acha utulie dakika kumi. Pasha kikaango, paka mafuta kidogo, mimina upawa mmoja, tandaza. Ukikauka juu, geuza. Inatoka kama omleti, na wala haina yai ndani. Kula na chatne ya ukwaju au mtindi. Zikibaki, mtoto anabeba shuleni.

4. Njugu mawe za Jumapili

Hizi zinataka subira. Loweka vikombe 2 usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka zilainike. Zikikaribia kuiva, tia viazi vitamu vilivyokatwa vipande, chumvi na kitunguu. Mwisho ungia kikombe cha tui zito la karanga. Ni kizito, kinashibisha, na anayesema chakula bila nyama hakikai tumboni aje anieleze baada ya sahani moja.

Kitamu cha mwisho

Hapa ndipo unapomaliza kesi. Nyumba nyingi kwetu hazina mazoea ya kitu kitamu baada ya kula, kwa hiyo ukileta bakuli dogo baada ya sahani kuondolewa, ule usiku unakuwa wa sherehe.

Nanasi la Geita kwenye kikaango: Menya nanasi moja lililoiva, katakata vipande vinene. Weka kijiko kimoja cha chakula cha siagi kwenye kikaango, panga vipande, nyunyiza vijiko viwili vya sukari na mdalasini kidogo. Geuza sukari ikianza kuwa ya kahawia. Pakua ya moto, mwagia mtindi mzito wa baridi juu yake. Moto na baridi, tamu na chachu. Usinishukuru mimi, washukuru wakulima wa Geita.

Matobolwa kwa maziwa: Kumbuka tofauti. Michembe ni viazi vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Loweka vikombe 2 vya matobolwa kwa saa moja, chemsha kwa maji kidogo mpaka vilainike, kisha tia vikombe 2 vya maziwa na iliki iliyopondwa. Acha maziwa yapungue yawe mazito. Sukari onja kwanza, mara nyingi viazi vyenyewe vinatosha. Nyunyizia karanga za kukaanga juu.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, damu. Madini ya chuma yaliyo kwenye majani na kunde mwili huyachukua kwa shida kuliko ya nyama. Yasaidie kwa kitu chenye vitamini C kwenye mlo huo huo: limau kwenye kachumbari, nyanya mbichi, au hilo nanasi. Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula, maana inayazuia. Mama mjamzito azingatie sana hili, na asiache vidonge alivyopewa kliniki.

Pili, anayetaka kuacha nyama moja kwa moja asiache na maziwa na mayai bila kumwona mtaalamu wa lishe. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea yetu ya kawaida. Mimi leo nimesema siku mbili kwa wiki tu, msinisingizie.

Tatu, hili ni la kwetu wa ukanda wa dhahabu, na sitanii. Kikaango, sufuria au kijiko kilichowahi kuchomea dhahabu yenye zebaki kisirudi jikoni, hata ukikisugua kwa jivu na mchanga kikang'aa. Na uchomaji wenyewe usifanyike jikoni wala karibu na watoto. Moshi wa zebaki hauonekani, lakini unaingia mapafuni na kuharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Kama baba ana mazoea ya kuazima kikaango chako, mnunulie chake, kikae huko huko kazini.

Na wewe baba, unayesoma gazeti la mkeo kwa kuibia, nina neno moja na wewe. Ile hela unayokula nyama choma barabarani baada ya kusukuma sahani, wanao wanaijua harufu yake. Mtoto anayelala ameshiba nsansa huku baba ananukia mishkaki hajifunzi kwamba nyama ni tamu. Anajifunza kwamba nyumbani kuna meza mbili. Rudi ukae kwenye moja. Kama chakula hakina chumvi, sema hakina chumvi, utaongezewa.

Msomaji wangu wa Katoro, anza na choroko, siku ambayo pesa ipo, na kopo liwe mezani. Vaa ile gauni anayoipenda, kaa ule naye, usisimame mlangoni kama mhudumu anayesubiri lawama. Akiuliza nyama iko wapi, mwonyeshe kopo, mwambie, “Iko humu, inasubiri kuwa bati.”

Mwezi ujao nitakuja na vitafunio vya watoto wa shule visivyohitaji oveni. Mpaka hapo, jiko lisizime na meza iwe moja. Nawapenda!